Bakuli la Chai Lililorudi na Chumvi

Nyie vijana, kabla sijaanza, acheni kwanza kugonga vyombo kwa kucha. Kila kijana anayeingia kwenye kazi hii amesikia mahali kwamba chombo kizuri kikigongwa kinalia, basi anagonga, ting, ting, kama anabisha hodi kwa watu. Kaure, ile nyeupe ya Kichina, italia, sawa. Lakini chombo cha udongo cha Kijapani, kile chenye maua na dhahabu, hakilii. Kinasema du, basi. Mimi nimetafuta vyombo hivi Durban mpaka magoti yamegoma kupanda ngazi, na ninawaambia kinachotakiwa ni macho, vidole na subira. Kucha zenu zikuneni vichwa.

Mnaniuliza kila mara mtu wa Tanga alijikutaje na mambo ya Wajapani. Si kwa akili, msidanganyike. Nilikuja Durban miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikitafuta kazi bandarini. Bandarini hawakunitaka. Nikapata kazi ya kufagia kwenye duka la vitu vya kale pale mtaa wa Point, duka la Bwana Naidoo, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Durban, mfupi, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Aliuza saa za ukutani, viti, makabati, lakini ugonjwa wake ulikuwa vyombo vya udongo vya Kijapani, hasa vile wanavyoviita Satsuma, vyenye rangi ya siagi na mistari ya nyufa myembamba kama nywele juu ya ngozi yake inayong'aa. Na bakuli za chai. Ukimletea bakuli zuri la chai, Bwana Naidoo alikuwa anasahau kula.

Siku zile watu wengi wa Durban walikuwa wanafungasha kwenda Australia. Bibi zao walikuwa wameacha makabati yamejaa vitu ambavyo hakuna mjukuu aliyetaka kuvibeba. Jumamosi asubuhi ukienda kitongoji cha Pinetown, unakuta meza zimetolewa nje ya mageti: pasi, mabuti, midoli, na katikati ya takataka hizo chombo kilichotoka Japani kabla babu yako hajazaliwa, kimetiwa vifungo vya shati. Kazi yangu, nilipopandishwa kutoka kwenye ufagio, ilikuwa kukiona hicho na kutoshtuka. Kutoshtuka ndiyo kazi yenyewe. Ukishtuka tu, mwenye nyumba naye anashtuka, anaingia ndani kumuuliza mumewe, na hapo biashara imekwisha.

Mwanzoni nilishtuka sana, tena kwa vitu vya ovyo. Siku moja nilirudi kutoka Pinetown nimepakata jagi kubwa la maua, dhahabu kila mahali, majoka yanatoa moto, wazee wenye ndevu wamekunja nyuso. Nilikuwa najiona mfalme. Bwana Naidoo hakulitazama hata usoni. Alilipindua, akanionyesha chini. Palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba limetengenezwa Japani.

"Seif," akaniambia, "huyu fundi wa kale sana, Kiingereza alisomea wapi?"

Tangu siku hiyo jagi likawa la kuwekea miamvuli mlangoni, na kila mteja aliyeacha mwamvuli alisimuliwa habari yangu. Nyie mkipata chombo, kwanza kigeuzeni. Uso wa chombo unasema uongo kama uso wa mtu. Matako yake hayajui kudanganya.

Na msifunge vyombo kwa gazeti, wino unaingia kwenye ile mistari na hautoki mpaka kiama. Sisi tulifunga kwa nepi za kitambaa. Nilizinunua nyingi hata yule dada wa kwenye kaunta akanipongeza kwa mapacha, nami nikaona kumweleza ni kazi kubwa, nikasema asante. Na ile jiki ya kung'arishia nguo! Nikimwona kijana anatia jiki kwenye bakuli la chai la zamani nitamchapa na magoti yangu haya haya mabovu. Bakuli chafu unaliloweka kwenye maji safi yaliyochemshwa yakapoa, unabadilisha maji, unangoja. Siku moja, siku tatu, hata wiki. Uchafu unatoka wenyewe, na rangi ya chai waliyokunywa marehemu inabaki pale inapotakiwa kubaki.

Sasa kuloweka huko ndiko kulikoniponza.

Nilipata bakuli moja Pinetown, jeusi kwa masizi, linatumika kuwekea funguo za gari. Dogo, la kushikwa kwa viganja viwili. Maua ya krisantemu yalilizunguka, na ukingoni dhahabu ilikuwa imefutika kidogo kwa midomo ya watu. Sikushtuka. Nililichukua pamoja na kikaango kibovu ili nisionekane ninalitaka. Bwana Naidoo alipoliona alivaa miwani zote mbili kwa pamoja. Hapohapo akampigia simu Bi Doreen, mjane mmoja wa Kizungu aliyekuwa anakusanya bakuli za chai kwa miaka mingi, mwenye nyumba nzima ya bakuli na paka asiyeruhusiwa kuingia.

"Anakuja Jumamosi," Bwana Naidoo akaniambia. "Akiondoka nalo, Jumatatu funguo za duka ni zako. Unafungua wewe, unanunua wewe. Asipoondoka nalo, Seif, sikufichi, duka hili haliwezi kubeba watu wawili."

Mnaelewa maana yake. Mimi na mke wangu Rukia, mtoto wetu Salma tumemwacha kwa bibi yake, tulikuwa na chumba kimoja na jiko kwenye ghorofa ya zamani hapo Point, lifti yake imekufa zamani, na nyumbani Tanga tulishawaambia watu kwamba tumepata maisha. Bila zile funguo, tungerudi kuwaeleza vizuri ni maisha gani hayo.

Dukani bomba la maji lilikuwa chooni, nacho tulikitumia pamoja na jirani muuza samaki na chipsi, kwa hiyo kila kitu kilinuka mafuta. Nikalichukua bakuli, nikaliloweka nyumbani kwenye beseni, jikoni. Siku ya pili narudi kutoka kazini, beseni liko, maji yako, bakuli halipo.

"Rukia, bakuli liko wapi?"

"Lipi?"

"Lililokuwa kwenye beseni!"

"Aa, lile dogo? Nimempelekea Mama Furaha mbaazi."

Nikashika ukuta. "Umelitia mbaazi?"

"Sasa ningelipeleka tupu?" Rukia akanishangaa. "Limeoshwa, limesafishwa, nikaona linamtosha. Na wewe unaleta chombo jikoni husemi, mimi nitajuaje? Jikoni kwangu chombo ni chombo."

Mama Furaha alikuwa jirani yetu wa mlango wa mbele, Mkongo wa Uvira, mume wake analinda magari ya watu kule South Beach. Hatua chache tu, mlango kwa mlango. Mtu wa nchi nyingine angesema, si uvuke ukachukue bakuli lako? Nyie mmelelewa na mama zenu, mnajua haiwezekani. Chombo cha chakula hakidaiwi kwa jirani. Ukikidai umemwita mwizi, tena mwizi wa bakuli. Na yeye akikirudisha, hakirudishi kitupu. Anatia chochote, ndimu mbili, kipande cha mkate, ndipo anavuka nacho. Unangoja. Basi nikangoja.

Dukani Bwana Naidoo akauliza, "Bakuli?" Nikamjibu, "Linaloweka." Haukuwa uongo sana, kwa kuwa mbaazi za Rukia zina tui la kutosha.

Siku iliyofuata, kimya. Hapo nikafanya kosa la kitaalamu. Nikamwambia Rukia, mkumbushe kistaarabu, mpelekee kitu kingine, akileta kile chombo ataleta na hiki. Rukia akapeleka maandazi kwenye sahani yetu ya bluu. Kimya. Tukapeleka tambi kwenye hotipoti. Kimya. Tukapeleka mchuzi wa samaki kwenye kibakuli cha kifuniko alichopewa Rukia na shangazi yake siku ya harusi. Ikafika Alhamisi vyombo vyetu vyote viko upande wa pili, mimi na mke wangu tunakula kwenye sufuria, tumeinamiana kama vifaranga.

"Bakuli?" akauliza Bwana Naidoo.

"Linaloweka."

"Eish, Seif, unaloweka bakuli au unaloweka maiti?"

Mama Furaha naye akaanza kutukwepa. Nikisikia mlango wake, nikifungua wangu, wake unafungwa. Nikimkuta ngazini anageuka anakumbuka kitu. Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamwambia Rukia, mama huyu ameshajua thamani ya lile bakuli, tena atakuwa ameshaliuza, na sahani yetu ya bluu ameitoa zawadi. Niliongea mambo ambayo leo siyarudii mbele yenu. Rukia alikuwa anakatakata kitunguu, akaniacha nimalize.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe pua yako inafanya kazi gani? Mlango ule hautoi harufu ya kitunguu siku nyingi sasa. Baba Furaha aligongwa mguu na gari kulekule anakolinda, yuko kitandani. Kinacholiwa mle ndani ni hiki tunachopeleka sisi." Akaweka kisu chini. "Hajaficha vyombo, Baba Salma. Hana cha kutia ndani."

Nilijisikia vibaya sana. Mtu nimeshamwita mwizi kumbe anaona haya, na kila sahani tuliyovusha kwa ujanja wangu ilikuwa inamwongezea haya juu ya haya. 

"Nenda kaombe chumvi," Rukia akaniambia.

"Chumvi tunayo, hiyo hapo."

"Nenda kaombe chumvi!"

Wanaume huwa tunachelewa. Nilifika mlangoni kwa Mama Furaha ndipo nikaelewa. Nikabisha, nikasema kwa sauti ili asikie hata akijificha, "Hodi, mama! Tumeishiwa na chumvi na sufuria iko motoni, tutasaidiwa?"

Nikasikia kitasa kikizungushwa. Kisha mlango ukafunguka wote.

"Chumvi?" akasema Mama Furaha. "Chumvi iko! Papa Seif, chumvi iko mingi! Ngoja, ngoja kwanza."

Sijawahi kuona mtu akifurahi hivyo kwa kuombwa. Akaingia ndani mbiombio, nikasikia mfuko unachanwa, akatoka ameshika kwa mikono miwili bakuli langu, limejaa chumvi pomoni, hadi imefanya kilima. Alikuwa amelitunza kuliko mimi, lilikuwa linang'aa.

"Hii bakuli yenu ilikuwa inanisumbua roho," akaniambia. "Kila siku naiangalia. Sasa iko na kitu ndani. Zile zingine nitaleta, papa, Mungu akisaidia."

Sasa sikilizeni, nyie mnaosomea kazi hii. Adui wa chombo cha udongo cha zamani si nyundo, ni chumvi. Inaingia kwenye ile mistari kama nywele, ikikauka inavimba, inasukuma rangi na dhahabu mpaka zinabanduka vipande. Na chumvi ya Durban ina majimaji muda wote kwa ajili ya hewa ya bahari. Mimi nimesimama pale, naiona inaingia! Namna ya kuikimbia sikuwa nayo, maana Mama Furaha alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu mume wake aumie, na amepata nguvu ya kuniuliza habari za Salma wetu aliyeko kwa bibi yake, na habari za kazi, na mimi ningewezaje kugeuza mgongo? Nikaongea. Nikamsalimia mgonjwa kutoka mlangoni. Nikasema chumvi hii ni nzuri, haina hata mchanga. Niliumia, lakini niliongea mpaka tukamaliza kama watu.

Nilipovuka kurudi kwetu nilikuwa nimeshakuwa mwendawazimu. Rukia akahamishia chumvi kwenye kopo, akafunika, akasema ni riziki haimwagwi. Mimi nikaloweka, nikabadilisha maji, nikaloweka, nikabadilisha, mpaka Rukia akauliza kama sasa nimeoa bakuli.

Jumamosi Bi Doreen akaja na mto wake mdogo wa kuwekea vyombo na lenzi yake shingoni. Alilitazama bakuli bila kupumua. Alilizungusha, akapitisha kidole ukingoni, akalipindua. Kisha akafanya wanachofanya wataalamu wa zamani: akatoa ulimi, akalamba mguu wa bakuli. Msicheke. Pale chini udongo haukupakwa ile ngozi ya kioo, na udongo wa kweli unanata kwenye ulimi, kaure hainati.

Bi Doreen akakunja uso. Akalamba tena.

"Chumvi," akasema.

Bwana Naidoo akanitazama. Akalichukua, akalamba na yeye. "Chumvi," akasema, polepole sana.

Mimi nilitamani niingie kwenye jagi la miamvuli. Lakini mama yule macho yalianza kumwaka. "Bwana Naidoo! Hili limekaa baharini! Limetoka kwenye meli iliyozama! Mbona hukuniambia?"

Bwana Naidoo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kuna mambo," akasema, "mtu hayasemi kwenye simu."

"Na wewe," Bi Doreen akanigeukia, "si ndiye uliyelisafisha? Chumvi ilikuwa nyingi?"

"Ilijaa, mama."

"Ilijaa!" Akashika kifua. Chini ya meza kiatu cha Bwana Naidoo kikanikanyaga, maana yake ninyamaze, funguo ndizo zile zinaning'inia kwenye msumari. Na ningenyamaza, wallahi. Nilishafunga mdomo. Lakini yule mama akaanza kuitengeneza meli yake, dhoruba, nahodha, miaka chini ya maji, na mimi namkumbuka mtu amechana mfuko wake wa mwisho wa chumvi anacheka, na sasa chumvi ile anapewa nahodha! Nikakasirika. Hasira yangu haijawahi kunipa kitu cha maana maishani, lakini huwa haiombi ruhusa.

"Si ya baharini, mama," nikasema kwa Kiingereza changu cha kubangaiza. "Ni chumvi ya jirani yangu."

"Jirani? Jirani anaweka chumvi kwenye bakuli kama hili kwa nini?"

"Kwa sababu ndicho alichokuwa nacho."

Nikamweleza yote, mbaazi, hotipoti, sufuria, mguu wa Baba Furaha. Bi Doreen alisikiliza kwa adabu, si mtu mbaya. Alipomaliza kusikiliza alifunga mto wake, akasema atafikiria, akaondoka. Alitaka meli, mama wa watu, na sisi tulikuwa na jirani tu.

Nikachukua ufagio nifagie kwa mara ya mwisho, angalau niache pasafi.

"Seif," akasema Bwana Naidoo, "meli nzima imekuja yenyewe mpaka dukani kwangu, na wewe umeizamisha."

"Nimeizamisha, bosi."

Akalipapasa bakuli kwa kidole gumba. "Mama yangu, akiishiwa kabisa, alikuwa anatia majani ya mchuzi kwenye chombo cha jirani. Tulikuwa na mti uani. Majirani walipata majani ya mchuzi kwetu mpaka wakachoka." Akatoa zile funguo msumarini, akanirushia, nikazidaka na ufagio mkononi. "Jumatatu fungua saa mbili; bakuli litapata mnunuzi mwingine, na duka tutalibana mpaka litubebe. Mtu ambaye hawezi kudanganya hata uongo ukiletwa na mteja mwenyewe, huyo hawezi kuniibia. Na huyo jirani yako aliyegongwa mguu, anaweza kukaa kwenye kiti? Ukienda kununua wewe, mlango wangu hauna mtu."

Baba Furaha alianza kazi Jumatatu hiyohiyo, kwenye kiti, mguu juu ya kreti. Alipopata mshahara wake wa kwanza, jioni Mama Furaha akavuka. Alivuka mara nyingi. Sahani ya bluu ina samaki, hotipoti ina sombe, kisamvu cha kwao, kibakuli cha shangazi kina maharagwe, na fufu, ugali wao wa muhogo, imekuja kwenye sufuria yake mwenyewe, na ndizi kwenye sinia lake mwenyewe, anacheka, anaweka, anarudi kuchukua vingine. Tulikula mpaka mkanda wangu ukafunguliwa.

Baadaye Rukia akasimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, anaitazama ile sufuria na lile sinia.

"Baba Salma," akaniambia, "haya, vyombo hivi viwili vyake tunavirudisha na nini?"